Msitu Nao ni Uwanja

Yako mashindano yasiyohitaji jukwaa la saruji. Ni mbio ndefu za msituni, ambamo mkimbiaji hupanda vilima, hukwepa mizizi, huvuka vijito na kuendelea na safari huku viatu vimelowa. Umbali ukitimia kilomita 42.195, hiyo ni marathoni kamili. Lakini ushindi wake hautokani na kasi ya miguu peke yake, bali pia na macho, pumzi na subira.

Wako wanaodhani kuwa kukimbia porini ni mchezo usio na maana. Hao wamesahau historia. Mbio za mita 3,000, ambamo mkimbiaji huruka viunzi mara 28 na maji mara 7, asili yake ni mashamba ya Uingereza, ambako watu walishindana kwa kuruka nyua na vijito. Uwanja ulikuja baadaye, ukaiga shamba.

Ni katika mbio hizo hizo, huko Moscow mwaka 1980, Ndugu Filbert Bayi alipoongoza wenzake kwa ushujaa mkubwa, akapitwa katika mzunguko wa mwisho na Bronisław Malinowski wa Poland, akatuletea medali ya fedha. Medali hiyo, pamoja na ile ya Ndugu Suleiman Nyambui ya mita 5,000 mwaka huo huo, ndizo pekee ambazo taifa letu limepata katika Olimpiki hadi leo. Ndugu Bayi ndiye pia aliyeanzisha shule na kituo cha michezo pale Mkuza, Kibaha.

Basi vijana wetu wa Kibaha na Kisarawe wanangoja nini? Mwenyezi Mungu amewajaalia vilima vya Pugu, msitu wa Kazimzumbwi, na msitu wa Ruvu Kusini ulioenea katika sehemu zote mbili. Humo mna kivuli, miinuko na vijito: mazoezi yote ambayo wengine huyajengea kwa gharama.

Hata hivyo, uwanja huo unaliwa na shoka. Kwa miaka mingi misitu hii imekatwa ili kuchoma mkaa wa kuuzwa Dar es Salaam. Mti ukianguka, ardhi huachwa uchi na kijito hugeuka korongo: kiangazi mchanga mtupu, masika maji ya hasira. Maji ya vilima vya Pugu huingia Mto Msimbazi, ule ule unaofurika Jangwani. Kwa hiyo anayelinda msitu halindi njia ya wakimbiaji tu. Analinda pia nyumba za wenzake walio bondeni.

Tunatoa wito kwa shule, vijiji na viongozi wa michezo washirikiane na walinzi wa misitu, wapime njia na kuandaa mbio hizo wakati wa kiangazi. Kila kivuko kiwe na kamba, mtu wa kusimamia na huduma ya kwanza. Ikinyesha mvua kubwa, mbio ziahirishwe bila kuona haya, kwani maji usiyoyajua kina chake hayavukwi kwa majigambo.

Na vijiji vinavyotunza msitu vipewe sehemu ya mapato. Mwanakijiji akiona faida ya mti uliosimama, atakuwa mlinzi wa kwanza. Tukichelewa, vijana wetu watarithi visiki, na hakuna bingwa atakayetoka humo.