Dola Milioni 72 za Biyombo

Julai 2016, Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, alisaini na Orlando Magic, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Wiki chache kabla yake alikuwa mchezaji wa benchi wa Toronto Raptors, aliyeingizwa kikosini kwa kuwa Jonas Valančiūnas aliumia, na akaitumia nafasi hiyo kuokota ribaundi 26 katika mchezo mmoja dhidi ya Cleveland kwenye fainali ya Kanda ya Mashariki. Kwa kufunga hakuwa na makali. Wastani wake msimu ule haukufika pointi sita kwa mchezo. Hata hivyo msimu uliofuata mshahara wake ulikuwa dola milioni 17, wakati Stephen Curry, aliyetoka kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote bila hata moja kupotea, alilipwa dola milioni 12 na ushei.

Waliocheka walidhani Orlando wamepandwa na wazimu. Hesabu ile ilikuwa na mantiki yake, na mtu akiielewa ameelewa sehemu kubwa ya ubishi unaorudi kila mwaka: je, ligi za kulipwa ziendelee na kikomo cha mishahara?

Kikomo ni kiasi cha juu ambacho timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote kwa msimu mmoja. NBA ya sasa ilianza nacho msimu wa 1984-85, kikiwa dola milioni 3.6 kwa timu. Hakipangwi kwa kukisia. Yanakadiriwa mapato ya msimu unaokuja, yaani haki za matangazo, viingilio, jezi, fedha za wadhamini, kisha fungu la wachezaji, ambalo siku hizi ni takribani nusu, linapigiwa hesabu kwa timu 30. Mapato yakipanda, kikomo nacho kinapanda. Msimu wa 2016-17 ndio uliokuwa wa kwanza kwa mkataba mpya wa televisheni wa ESPN na Turner, dola bilioni 24 kwa miaka tisa, na kikomo kikaruka kwa mkupuo kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94. Timu nyingi zikajikuta na nafasi ya milioni 20 na zaidi katika dirisha lilelile moja. Juu ya hapo, kanuni za ligi zinaitaka timu itumie angalau asilimia 90 ya kikomo. Fedha zilikuwa nyingi na wachezaji huru wachache. Biyombo alikuwa sokoni siku hizo. Curry alikuwa bado anatumikia mkataba aliousaini 2012, wakati kifundo chake cha mguu kinamsumbua na timu yake haina uhakika kama kitahimili miaka minne.

Ligi ilipendekeza ongezeko lile liingizwe kidogokidogo. Chama cha wachezaji kikakataa. Basi chombo kinachosifiwa kwa kuleta ushindani kikatoa kioja: Golden State Warriors, waliotoka kushinda michezo 73 ya msimu wa kawaida, wakapata nafasi ya kumsajili Kevin Durant na kubeba ubingwa 2017 na 2018. Mshahara mdogo wa Curry, aliyekuwa mchezaji wao, uliwasaidia sana kuipata nafasi hiyo. Somo liliingia. Sasa kikomo hakiruhusiwi kupanda kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na ndiyo maana mkataba mnono zaidi wa televisheni ulioanza msimu wa 2025-26 ulikitoa dola milioni 140.6 na kukifikisha 154.6, basi.

Kisa cha Biyombo kinafichua jambo ambalo wenye ligi hawapendi kulisema mbele ya vipaza sauti. Kikomo cha mishahara, kabla ya chochote kingine, ni makubaliano ya kugawana mapato kati ya wenye timu na wachezaji. Ushindani sawa hufuata baadaye, ukifuata.

Tazama kinachofanyika kwenye hati ya mshahara. Kila mchezaji wa NBA hukatwa asilimia 10, nayo ikawekwa kwenye akaunti ya dhamana mpaka hesabu za msimu zifungwe. Ikionekana mishahara yote kwa pamoja imevuka fungu la wachezaji, ziada inachotwa humo na kurudi kwa wenye timu. Isipovuka, wachezaji wanarudishiwa chao. Kwa hiyo timu moja ikimlipa mtu kupita kiasi, wanaoumia zaidi ni wachezaji wenzake wa timu 29 nyingine, ambao huenda hawajawahi hata kusalimiana naye. Fungu lilikuwa limeshapimwa. Orlando waliamua tu nani apewe kipande kipi.

Sasa tuje kwenye ushindani, maana ndiyo hoja inayouzwa kwa mashabiki. Watetezi wa kikomo wana orodha nzuri mkononi. Tangu 2019 hadi 2025 NBA ilipata mabingwa saba tofauti kwa miaka saba: Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston na Oklahoma City. Milwaukee na Oklahoma City si miji ya kifahari. Boston walichukua kombe 2024, na mwaka uliofuata wakawaachia Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis waondoke kwa sababu kodi na vikwazo vya kuvuka viwango vya matumizi vilikuwa vimewafika kooni. Bingwa anavunjwa na kalamu ya mhasibu, na nafasi inafunguka kwa mwingine.

Lakini besiboli ya Marekani, MLB, haina kikomo, na baada ya New York Yankees kutwaa mataji matatu mfululizo kuanzia 1998 hadi 2000, hakuna timu iliyoweza kutetea ubingwa mpaka Los Angeles Dodgers walipofanya hivyo 2025. Ni robo karne. NBA yenye kikomo ndiyo iliyowaona Chicago Bulls wakibeba mataji sita ndani ya miaka minane. NFL, ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, yenye kikomo kikali kuliko vyote tangu 1994, haikuweza kuwazuia New England Patriots wa Tom Brady na kocha Bill Belichick kuchukua sita pia. Anayekuambia kwamba kikomo peke yake ndicho kinachosambaza vikombe anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

NFL inapofanikiwa, inafanikiwa kwa kitu kingine kinachokaa pembeni ya kikomo. Green Bay ni mji wa watu wapatao laki moja huko Wisconsin, na timu yake, Packers, inamilikiwa na wanahisa wa kawaida, ndiyo maana hesabu zake hutangazwa kila mwaka. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, Packers walipokea zaidi ya dola milioni 430 kama mgawo wao wa mapato ya pamoja ya ligi, kiasi kilekile kinachokwenda kwa kila timu kati ya 32. Kikomo cha msimu huo kilikuwa dola milioni 255.4. Yaani kabla ya kuuza tiketi moja au glasi moja ya bia, timu ya mji mdogo imeshapata fedha za kulipa kikosi kizima, na chenji inabaki. Dallas ina uwanja mkubwa na wadhamini wa kila aina, lakini kwenye mishahara haiwezi kuiacha Green Bay mbali. Kikomo kinamzuia tajiri asipande sana. Mgawo sawa wa televisheni ndio unaomwezesha mnyonge kulipa. Ukiweka cha kwanza bila cha pili, mnyonge atabaki palepale na tajiri ataongeza faida.

Ndivyo ninavyohofia mambo yatakavyokuwa MLB, ambako mkataba wa pamoja kati ya ligi na wachezaji unafikia ukomo wake tarehe 1 Desemba 2026 na neno kikomo limesharudi mezani. Wenye timu wanaolitaka wananyoosha kidole kwa Dodgers, na kidole hicho kina haki yake. Desemba 2023 Dodgers walimsajili Shohei Ohtani kwa dola milioni 700 kwa miaka 10, huku milioni 680 kati ya hizo zikisogezwa mbele, zilipwe kuanzia 2034. Mwaka 2024 walilipa kodi ya matumizi makubwa ya dola milioni 103, wakabeba ubingwa, wala hawakuonekana kutetereka. Nyuma yao upo mkataba wa televisheni ya mkoa wao, dola bilioni 8.35 kwa miaka 25, waliousaini 2013. Fedha za televisheni za mikoa kwenye besiboli, tofauti na NFL, kwa sehemu kubwa hubaki na timu yenyewe.

Ila kuna upande wa pili ambao wenye timu huutaja kwa sauti ya chini. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kilifungua malalamiko rasmi dhidi ya timu nne, Miami, Pittsburgh, Tampa Bay na Oakland, kikidai kwamba zinapokea fedha za mgawo kutoka kwa timu tajiri na hazizitumii kuboresha vikosi. Timu ya namna hiyo haihitaji Dodgers wapunguziwe matumizi. Inahitaji kulazimishwa kutumia.

Wachezaji wa besiboli hawajasahau pia. Agosti 1994 waligoma kupinga kikomo. Fainali za mwaka huo zikafutwa, na mgomo ukaisha masika ya 1995 baada ya jaji kijana wa New York, Sonia Sotomayor, ambaye sasa yumo kwenye Mahakama Kuu ya Marekani, kutoa amri iliyowabana wenye timu. Katika hoki ya barafu mambo yalikwenda kinyume: NHL iliwafungia wachezaji milango, ikapoteza msimu mzima wa 2004-05, na wachezaji wakarudi wakiwa wamekubali kikomo cha dola milioni 39.

Hapo katikati kuna kanuni moja ambayo ningeifuta kesho kama ningekuwa na uwezo, nayo ni kikomo cha mchezaji mmojammoja. Msimu wa 1997-98 Michael Jordan alilipwa dola milioni 33, zaidi ya kikomo cha timu nzima, kilichokuwa takribani milioni 27. Aliweza kwa sababu timu ya NBA huruhusiwa kuvuka kikomo ili kumbakiza mchezaji wake. Wenye timu walishtuka, wakawafungia wachezaji milango mwaka uliofuata, na tangu hapo nyota hawezi kulipwa zaidi ya asilimia fulani ya kikomo, kati ya 25 na 35 kutegemea miaka yake kwenye ligi. Inasikika kama busara. Matokeo yake ni kwamba nyota akijua atapata kiasi kilekile kila aendako, fedha zinaacha kuwa kigezo, na anachagua jua, bahari na marafiki. LeBron James na Chris Bosh walimfuata Dwyane Wade Miami 2010 kwa namna hiyo. Ungeondoa kanuni hii na kubakiza kikomo cha timu, timu yenye LeBron ingelipa nusu ya fungu lake kwake peke yake, na isingebaki fedha ya kumleta Bosh. Ushindani ungeongezeka. Watakaopinga ni wachezaji wa kati, ambao ndio wengi na ndio wenye kura kwenye chama chao.

Msomaji wa Dar es Salaam atauliza kama dawa hii ingefaa kwetu, ambako tangu Azam walipotwaa ubingwa wa ligi kuu ya soka 2014 hadi msimu wa 2024-25 taji halikutoka mikononi mwa Simba na Yanga. Nadhani haingefaa. NBA na NFL hazina soko la pembeni la maana: mchezaji bora wa kikapu akikataa mshahara wa Marekani, hana kwingine pa kulipwa vile. Fiston Mayele alipotoka Yanga 2023 alikwenda Pyramids ya Misri, na 2025 akabeba nao Ligi ya Mabingwa Afrika. Kikomo cha Tanzania kisingewafunga Pyramids wala Al Ahly wala Mamelodi Sundowns. Kingewafunga Simba na Yanga tu, siku wanapokutana nao. Soka ya Uingereza nayo iliishi na mshahara wa juu uliowekwa kwa kila mchezaji tangu 1901, na ulipofutwa Januari 1961 ulikuwa pauni 20 kwa wiki, wakati majukwaa yalikuwa yamejaa kwa miongo kadhaa. Hapo hapakuwa na fungu la wachezaji wala mgawo. Kilikuwa kikomo kitupu, na fedha zote zilizozidi zilibaki juu.

Kwa NFL, NBA na NHL, basi, kikomo kibaki, kwa kuwa kimefungwa pamoja na asilimia iliyoahidiwa kwa wachezaji na kiwango cha chini cha matumizi. Kwa besiboli ningewaambia wachezaji wasisikilize takwimu yoyote ya kikomo kabla hawajasikia fedha za televisheni za mikoa zitakwenda wapi. Mkataba wa Dodgers unaendelea hadi 2038. Wenye Dodgers wakikubali kuzitia fedha hizo kwenye kapu moja na za Pittsburgh, na Pittsburgh wakakubali kulazimishwa kuzitumia, chama cha wachezaji kitakuwa kimepoteza hoja yake nzuri kuliko zote.