Lugha Nyingi za Tarime na Udhibiti wa Akili

Katika kata ya Bomani mjini Tarime, mtoto wa Kikuria husikia lugha ya wazazi wake nyumbani na Kiswahili darasani, na kwa kuwa Wakuria na Wajaluo ni majirani wa vizazi vingi, hasa upande wa Rorya uliokuwa sehemu ya Tarime hadi mwaka 2007, wapo wengi wanaoongeza Kijaluo, huku waliosoma sekondari wakiongeza Kiingereza. Hali hii, ambayo wenyeji hawaioni kuwa ajabu, imezua ubishi mkubwa miongoni mwa wanasaikolojia wa Ulaya na Amerika Kaskazini kuhusu kama kujua lugha nyingi kunainoa akili.

Chanzo cha ubishi ni kwamba lugha zote azijuazo mtu huwa macho kichwani hata anapotumia moja, hivyo hana budi kuizuia ile isiyotakiwa. Kazi hiyo inahusishwa na udhibiti tendaji, yaani uwezo wa akili wa kuzuia kinachovuruga, kuelekeza umakini panapohitajika na kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine. Mwaka 2004 Ellen Bialystok na wenzake waliwapa watu jaribio la kubonyeza kitufe cha kulia au cha kushoto kufuatana na rangi ya umbo, bila kujali limetokea upande gani wa skrini, wakaona kwamba wenye lugha mbili, hasa wazee, walivurugwa kidogo kuliko wenye lugha moja.

Sifa hiyo ya wenye lugha mbili ilivuma kupita ushahidi wake. Mwaka 2013 Kenneth Paap na Zachary Greenberg hawakuona faida yoyote, na mwaka 2018 Minna Lehtonen na wenzake, baada ya kujumlisha tafiti 152 na kusahihisha upendeleo wa majarida kwa matokeo ya kuvutia, walikuta karibu hakuna kilichobaki. Lakini mwaka 2013 pia, katika jiji la Hyderabad nchini India, wagonjwa 648 wa usahaulifu wa uzeeni walichunguzwa, na wenye lugha mbili walionekana kuanza kuugua miaka 4.5 baadaye kuliko wenzao, hata wale wasiojua kusoma.

Maelezo yanayoelekea kuifaa Tarime ni ya David Green na Jubin Abutalebi, waliodai mwaka 2013 kwamba kinachoinoa akili ni namna lugha zinavyotumika, wala si idadi yake. Muuzaji anayezungumza Kikuria na mteja huyu na Kijaluo na yule hulazimika kujizuia kila mara, ilhali wanaochanganya lugha kwa uhuru, kwa kuwa wote wanaelewana, hawana haja kubwa ya kuizuia yoyote.

Kulipima jambo hili Tarime ni kugumu, kwa sababu anayejua lugha moja tu ni nadra, na akipatikana huenda akawa mzee ambaye hakusoma, hivyo tofauti itakayoonekana inaweza kuwa imeletwa na umri au shule. Yenye maana zaidi ni kuwalinganisha wenye lugha nyingi wao kwa wao: muuzaji anayembadilishia lugha kila mteja, na jirani yake anayezichanganya zote katika sentensi moja.