Gari Likikataa Kuwaka

Gari likikataa kuwaka asubuhi hapa Bunyakiri, usikimbilie kutuma dola Bukavu kwa batri mpya. Sikiliza kwanza! Washa taa, kisha zungusha ufunguo.

Taa zikififia na unasikia "tak" tu, batri ni zaifu ao vichwa vyake vina kutu. Barabara yetu, kutoka Miti kupita pori la Kahuzi-Biega, inatikisa sana, waya zinalegea. Fungua kwanza waya yenye alama ya kutoa (–), safisha vichwa kwa maji ya moto, kausha, kaza. Ile ya kutoa irudi ya mwisho. Sigara iwe mbali, maana batri hutoa hewa inayolipuka.

Taa zikibaki na nguvu? Tazama demarere na waya yake. Na moteri ikizunguka vizuri bila kuwaka, batri haina kosa: kwa gari la mazutu, tafuta maji ndani ya filta ao hewa ndani ya mpira.

Vijana wenye kipimo, pimeni. Batri iliyojaa, gari limezimwa, ni volti 12,6 hivi. Moteri ikizunguka, 13,8 mpaka 14,4. Isipopanda, alternateri haichaji, na batri mpya nayo itakufa porini, mgonjwa wenu akiwa ndani. Anzeni na mkanda wake. Pengine umelegea tu.