Sonona kwa Mtu Anayeishi na MS: Sehemu ya Ugonjwa, Siyo Udhaifu wa Moyo

Chukua mfano wa mama wa miaka 34 anayeishi Lingeka, wilayani Meatu. Mwaka jana jicho lake moja lilififia kwa majuma kadhaa, kisha nuru ikarejea. Baadaye miguu ikaanza kufa ganzi. Baada ya safari nyingi kutoka zahanati hadi hospitali ya kanda, alielezwa kuwa ana ugonjwa wa maltipo sklerosisi, unaojulikana zaidi kwa kifupi cha MS. Msimu wa kuchuma pamba ulipofika, miguu ilikuwa imepata nafuu, lakini mama huyu hakutoka kitandani. Ameacha kwaya, hali vizuri, na hulia bila kusema sababu. Mume wake anadhani amekuwa mvivu. Jirani anadhani amelogwa. Mfano huu ni wa kubuni, ila hali inayoelezwa ni ya kweli na ina jina: sonona.

MS ni nini, na hisia zinaingiaje?

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia utando wa mayelini unaozifunika neva za ubongo, uti wa mgongo na macho. Utando huo ukiharibika, taarifa kati ya ubongo na viungo hupita kwa kusuasua au hukatika kabisa. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeupambanua ugonjwa huu mwaka 1868. Leo unakadiriwa kuwapata watu zaidi ya milioni 2.8 duniani, wanawake wakiwa angalau mara mbili ya wanaume, na mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40. Katika nchi zilizo karibu na ikweta ni nadra zaidi, na unapotokea huchelewa kutambuliwa, kwa kuwa uthibitisho wake huhitaji kipimo cha MRI na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu.

Sonona huwapata watu wenye MS mara mbili hadi tatu zaidi ya watu wengine. Takriban nusu yao huipata wakati fulani maishani. Sababu ni tatu, na mara nyingi huungana. Kwanza, makovu yanayoachwa kwenye ubongo yanaweza kugusa njia zinazoratibu hisia. Pili, uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili huathiri kemikali za ubongo. Tatu, maisha yenyewe hubadilika: mkulima hawezi tena kumaliza shamba lake, mama anaogopa kuanguka akiwa amembeba mtoto, na hakuna ajuaye shambulio lijalo litakuja lini. Hakuna hata moja kati ya sababu hizi iliyo kosa la mgonjwa.

Siyo kila badiliko la hisia ni sonona

Mhudumu wa afya anapaswa kutofautisha hali nne.

Huzuni ya kupokea habari nzito ni ya kawaida. Huja na kuondoka, na mgonjwa bado hufurahia kutembelewa au mchezo wa watoto wake.

Sonona hudumu kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku. Hapa kuna mtego: uchovu, usingizi mbaya na usahaulifu vinaweza kuletwa na MS peke yake. Kwa hiyo swali lisiishie kwenye uchovu. Muulize kwa upole: “Mama, katika wiki mbili zilizopita, mambo uliyokuwa ukiyapenda bado yanakufurahisha? Unajiona huna thamani, au kuwa mzigo kwa wenzako?” Kupotea kwa furaha, kujilaumu na kukata tamaa ndivyo vinavyoelekeza kwenye sonona.

Hali ya tatu ni kilio au kicheko kisichodhibitika, kinachokuja ghafla bila kulingana na hisia za ndani. Mgonjwa anaweza kucheka msibani, kisha akaona aibu kubwa. Hii hutokana na neva zilizoharibika. Familia ikielezwa, nusu ya mateso huondoka.

Ya nne huletwa na dawa. Steroidi za dozi kubwa zinazotolewa wakati wa shambulio zinaweza kumkosesha mgonjwa usingizi, kumfanya mkali au mchangamfu kupita kiasi, kisha hisia zikashuka zinapokwisha. Ndugu waambiwe mapema.

Matibabu yanayopatikana

Sonona ya mtu mwenye MS hutibika kama ya mtu mwingine. Tiba ya mazungumzo humsaidia mgonjwa kuzitambua fikra zinazomvuta chini na kurudia shughuli zake hatua kwa hatua. Mazoezi mepesi, kama kutembea kila siku kwa kadiri ya nguvu, hupunguza sonona na uchovu pamoja.

Dawa kama fluoksetini husaidia, lakini huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kabla ya nafuu kuonekana. Wengi huiacha wakiwa wamebakiza hatua chache tu. Nafuu ikishapatikana, dawa huendelea kwa miezi 9 hadi 12, na huachwa taratibu kwa maelekezo ya daktari. Amitriptilini hutuliza pia maumivu ya neva, ila inaweza kuzuia mkojo kwa mgonjwa ambaye kibofu chake tayari kina shida, na ni hatari sana ikimezwa kupita kiasi. Kabla ya kuanza dawa yoyote ya sonona, ulizia iwapo mgonjwa amewahi kuwa na vipindi vya msisimko uliopitiliza.

Joto, shamba na nyumba

Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza kwamba mwili wa mgonjwa wa MS ukipata joto, dalili zake huzidi kwa muda. Katika jua la Simiyu jambo hili lina uzito. Anayeishiwa nguvu saa sita mchana si mvivu, na ugonjwa wake haujasonga mbele; akipumzika kivulini na kunywa maji, nguvu hurudi. Kazi ifanyike alfajiri na jioni, na familia imgawie zile za kukaa. Mtu anayebaki na wajibu wake, hata mdogo, hubaki na heshima yake.

Swali lisiloogopwa

Hatari ya kujiua ni kubwa zaidi kwa watu wenye MS kuliko kwa watu wengine. Kumuuliza mgonjwa kama amefikiria kufa au kujidhuru hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa ahueni ya kusema. Katika nyumba za wakulima wa pamba, viuatilifu huwekwa chini ya kitanda au kwenye kona ya chumba. Mahali penye mgonjwa wa sonona, viuatilifu vifungiwe kwa kufuli au vihifadhiwe kwa ndugu, na vidonge vyake vitunzwe na mtu mwingine. Akisema ana mpango wa kujidhuru, asiachwe peke yake hata kwa dakika chache. Afikishwe siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya au hospitali.

Familia inayotaka kumwombea au kumpeleka kwa mganga wa jadi isidharauliwe, kwa maana nayo inatafuta uzima. Iombwe tu kwamba dawa za hospitali zisikatishwe wala kliniki isikosekane. Na kila mgonjwa wa MS aulizwe kuhusu moyo wake katika kila hudhurio, kama anavyoulizwa kuhusu miguu na macho. Mama wa mfano wetu anaweza kurudi kwenye kwaya yake hata kama atakwenda kwa mkongojo.