Inveta Ndani ya Gari la Biashara: Hesabu Kwanza, Waya Baadaye

Gari dogo la mizigo likiegeshwa kando ya soko, mlango wa nyuma ukafunguliwa na taa zikawaka, mara nyingi huwa si gari tena. Ni kinyozi, duka la vinywaji baridi au kibanda cha kuchaji simu. Stima inayoendesha kazi hiyo haitoki kwenye nguzo. Hutoka kwenye betri na kupitia kisanduku kidogo kiitwacho inveta.

Kisanduku hicho kikichaguliwa na kufungwa vizuri, mfanyabiashara hufanya kazi mahali popote bila kelele wala moshi wa jenereta. Kikifungwa vibaya, kinaweza kuteketeza gari, bidhaa na mtaji wa miaka kwa dakika chache. Makala haya yanaeleza jinsi inveta inavyofanya kazi na mambo ambayo mkazi anapaswa kuyajua kabla ya kununua au kumlipa fundi.

Kazi ya inveta

Betri ya gari hutoa umeme mnyoofu wa volti 12. Vifaa vya nyumbani nchini Kenya hutumia umeme geu wa volti 240. Kazi ya inveta ni kuugeuza umeme wa kwanza kuwa wa pili, na katika kazi hiyo sehemu ya nishati, mara nyingi asilimia 10 hadi 15, hupotea kama joto.

Wengi huhofia upande wa volti 240 pekee kwa sababu ndio unaorusha mtu. Hofu hiyo ni ya haki, lakini chanzo kikubwa cha moto kiko upande wa betri. Volti zikiwa chache, ampea huwa nyingi. Birika la wati 2,000 likichomekwa kwenye soketi ya nyumbani huvuta takriban ampea 8. Birika hilo hilo likiendeshwa na betri ya volti 12, waya wa betri hubeba zaidi ya ampea 180. Waya wa milimita mraba 2.5 unaofaa soketi za nyumbani ukiwekwa hapo utayeyuka.

Kujumlisha wati

Hatua ya kwanza si kwenda dukani. Ni kuchukua karatasi na kuandika wati za kila kifaa, kama zilivyochapishwa nyuma yake au chini yake.

Chukulia kinyozi anayefanya kazi ndani ya gari. Mashine mbili za kunyolea huchukua wati 30, taa tatu wati 30, televisheni ndogo wati 50, na chaji za simu wati 40. Jumla ni wati 150. Akiongeza friji dogo la wati 100, anafikia wati 250.

Hesabu haiishii hapo. Friji lina mota, na mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kiwango chake cha kawaida kwa muda mfupi. Friji la wati 100 linaweza kudai wati 500 au zaidi kwa sekunde moja. Kwa hiyo kinyozi huyu anahitaji inveta ya takriban wati 600 za kudumu, yenye uwezo wa kuhimili wati 1,200 kwa muda mfupi.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Namba kubwa iliyochapishwa mbele ya kasha mara nyingine ni ile ya muda mfupi, wala si ya kudumu. Mnunuzi asome maandishi madogo na aulize inveta inaweza kutoa wati ngapi mfululizo.

Jambo la pili ni aina ya wimbi. Inveta za bei nafuu hutoa umeme wa wimbi lenye ngazi. Taa za kawaida na baadhi ya chaji hustahimili wimbi hilo, lakini mota za friji na feni hupata joto na kunguruma, na baadhi ya vifaa vya elektroniki huharibika. Inveta yenye maneno “Pure Sine Wave” hutoa wimbi laini linalofanana na stima ya nguzo. Ni ghali zaidi, lakini kwa mwenye friji ndiyo inayofaa. Mnunuzi ahakikishe pia kwamba imeandikwa volti 220 hadi 240 na hezi 50, kwa kuwa baadhi ya bidhaa hutengenezwa kwa nchi zinazotumia volti 110.

Betri itakayodumu siku nzima

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina takriban wati-saa 1,200. Hata hivyo, betri ya risasi na asidi ikitumiwa kupita nusu mara kwa mara huisha maisha mapema, hivyo ihesabiwe kuwa na wati-saa 600. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo inaweza kutoa asilimia 80 au zaidi bila kuumia.

Kinyozi wetu akitumia wastani wa wati 120 kwa saa 8, anahitaji wati-saa 960, na zaidi ya 1,100 akihesabu zinazopotea ndani ya inveta. Hiyo ni kazi ya betri mbili za risasi za ampea-saa 100, au betri moja ya lithiamu ikisaidiwa na paneli ya sola juu ya paa la gari.

Betri inayowasha injini isitumiwe kwa kazi hii. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kidogo kidogo kutwa nzima. Anayeitegemea huenda jioni akashindwa kuondoka sokoni. Betri ya biashara iwe ya pili, ichajiwe na injini kupitia kifaa maalumu kinachozitenganisha betri hizo gari linapozimwa.

Vilevile, soketi ya kiberiti cha gari haifai inveta kubwa. Fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 10 hadi 20, kiasi kinachotosha kompyuta ya mkononi au simu. Kubadilisha fyuzi hiyo kwa kubwa zaidi ni kukaribisha moto, kwa sababu waya ulio nyuma yake haubadiliki.

Kufunga waya

Umeme ufuate mpangilio huu: betri, fyuzi, swichi ya kukatia, inveta, kisha soketi. Fyuzi ikae karibu sana na ncha chanya ya betri, ndani ya sentimita 20 ikiwezekana, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya, kwa hiyo iwe ndogo kuliko kiwango ambacho waya unaweza kubeba.

Inveta ya wati 600 kwenye volti 12 ikitumika yote huvuta karibu ampea 60. Waya wa shaba wa milimita mraba 16 usiozidi mita moja na nusu, pamoja na fyuzi ya ampea 80, unafaa. Kwa inveta ya wati 1,000, inayovuta karibu ampea 100, waya uwe wa milimita mraba 35. Maelekezo ya mtengenezaji yakidai waya mnene zaidi, yafuatwe.

Waya za betri ziwe fupi. Anayehitaji urefu aurefushe upande wa volti 240. Ncha zifungwe kwa vichwa vya shaba vilivyobanwa kwa kifaa chake, si kwa kusokotwa na kuzungushiwa utepe. Muungano uliolegea hupata joto hata waya ukiwa mnene. Mahali waya unapopita kwenye bati pawekwe mpira wa kuuzuia usikwaruzwe.

Inveta ikae mahali pakavu penye hewa, mbali na mtungi wa gesi na mafuta. Soketi zilindwe kwa kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Kifaa hicho hakimlindi mtu ipasavyo ikiwa utandazaji wa waya wa ardhi na bodi ya gari haukufanywa kulingana na maelekezo ya inveta. Kubonyeza kitufe cha majaribio hakutoshi; fundi apime kwa chombo.

Onyo kwa wanaotumia inveta hiyo nyumbani usiku: isichomekwe kamwe kwenye soketi ya ukuta ili kuwasha nyumba nzima. Umeme unaweza kurudi kwenye nguzo na kumuua fundi anayetengeneza laini akidhani imezimwa. Lazima pawe na swichi ya kubadilishia inayotenganisha kabisa vyanzo hivyo viwili.

Fundi na dharura

Mafundi wa umeme na wa sola hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, kwa madaraja mbalimbali. Mkazi ana haki ya kuomba kuona leseni kabla kazi haijaanza, na bidhaa anazonunua ziwe na alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS.

Huduma za zimamoto ni miongoni mwa majukumu ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Hata hivyo, moto wa waya ndani ya gari huenea haraka. Kila gari la biashara lenye inveta liwe na kizimamoto cha unga mkavu karibu na mlango, na swichi ya kukatia ifikike bila kusogeza bidhaa. Moto ukitokea, watu watoke, umeme ukatwe ikiwa ni salama, na msaada uitwe kupitia 999 au 112. Maji yasimwagwe kwenye waya zenye umeme.

Kwa walio na inveta tayari, ukaguzi wa kwanza ni rahisi. Baada ya saa moja ya kazi, zima kila kitu, kisha gusa ganda la waya wa betri kwa nyuma ya mkono. Ukiwa wa moto, usiwashe tena mpaka fundi aukague.