Kiwewe cha Ghafla: Istilahi, Chanzo na Tiba Zake

Makala haya yanadhamiria kufafanua maradhi ambayo aghalabu huanza katika umri wa masomo ya chuo, lakini ambayo hayatajwi hadharani: mashambulizi ya hofu. Suala hili linatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili kwa kuwa mgonjwa asiye na neno la kukitaja kinachomsibu hushindwa kuomba msaada.

Istilahi

Kiswahili hakikosi msamiati wa hofu. Wahaka ni mashaka yanayodumu moyoni, mathalani ya mtahiniwa anayesubiri matokeo. Kiwewe humjia mtu kwa kishindo, akababaika. Hapa tutatumia "kiwewe cha ghafla" kwa maana ya hofu kali inayofika kileleni kwa dakika chache, ikiandamana na moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, kifua kubana, kizunguzungu na yakini ya mtu kwamba anakufa. Shambulio moja pekee si ugonjwa. Huwa ugonjwa linaporudi mara kwa mara bila kutarajiwa, na mtu akaanza kuishi kwa kulihofia. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliutambua ugonjwa huu kuwa maradhi yanayojitegemea katika mwongozo wake wa 1980.

Chanzo

Mwili una kamsa yake. Penye hatari, homoni ya adrenalini humwagika, moyo ukadunda na pumzi zikaharakishwa ili mtu apigane au atoroke. Katika kiwewe, kamsa hulia ilhali hakuna adui. Mnamo 1986, mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza mduara unaohusika: mtu huhisi mpigo wa moyo, akaufasiri kuwa dalili ya mauti, fasiri hiyo huzidisha hofu, nayo hofu huzidisha mpigo. Mwanaisimu angesema kwamba kosa haliko katika ishara bali katika fasiri yake.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayesafiri kwa matatu kutoka mjini Kericho hadi Kabianga. Abiria wamebanana, na madirisha yamefungwa kwa baridi ya vilima vya chai. Akishikwa humo, kesho yake ataketi karibu na mlango. Keshokutwa hataabiri kabisa. Hatimaye hatahudhuria mihadhara. Kukwepa humpa nafuu ya muda, lakini humnyima fursa ya kugundua kwamba hofu ile ingeshuka yenyewe.

Tiba

Hatua ya kwanza ni kumwona daktari, kwani maradhi ya moyo, pumu, upungufu wa damu na kasoro za tezi ya shingo huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi.

Hatua ya pili ni tiba ya fikra na mwenendo. Mshauri humsaidia mgonjwa kuihoji fasiri yake, kisha humzoesha dalili anazozihofia hatua kwa hatua: apande ngazi mbio hadi moyo udunde, aabiri matatu kituo kimoja, kisha viwili. Kupumua polepole husaidia pia.

Hatua ya tatu ni dawa. Baadhi ya dawa zinazotibu sonona hutuliza kiwewe, ingawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na hazifai kuachwa ghafla bila idhini ya daktari. Za kutuliza papo hapo huweza kumfanya mtu awe mtumwa wazo.

Wakazi wa nchi ya chai wazingatie pia kwamba kafeini huweza kuchochea kiwewe. Mkesha wa mtihani unaosindikizwa na birika la chai ya rangi si rafiki wa mgonjwa.

Anayemwona mwenzake ameshikwa asimwambie "jikaze", wala asiite umati. Akae naye, aseme kwa utulivu, amkumbushe kwamba hali hii itapita.

Hitimisho

Mnamo 2020, jopokazi la serikali ya Kenya lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yalizipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Sheria, hata hivyo, haimfai anayenyamaza. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Shambulio la kiwewe lenyewe haliui, lakini huiba mihula na shahada. Wanachama wa vyama vya Kiswahili tuna kazi mahususi: tuandike maelezo ya maradhi haya kwa Kiswahili sanifu chepesi, yabandikwe zahanatini na mabwenini, ili anayeshikwa usiku ajue jina la kinachomshika.