Mumi na Ngege Katika Kidimbwi Kimoja

Hapa Usenge tunakijua kisa cha mbuta. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za fulu zilikuwa zimetoweka. Ziwa zima halikuweza kuwaficha fulu, sembuse kidimbwi kidogo?

Mumi naye ni mla wenzake. Humeza chochote kinachoenea mdomoni, hata ndugu yake wa tumbo moja. Lakini tusimkatae. Akiwekwa vizuri hupunguza vifaranga wa ngege, maana ngege huzaana mno, wakagombania chakula na kubaki wadogo.

Basi sisi tunavishauri vikundi hivi:

1. Tangulizeni ngege. Mumi waingie baadaye, wakiwa wadogo kuliko ngege hao.

2. Mumi wawe wachache, tena wa kimo kimoja.

3. Kila baada ya wiki mbili hivi piteni na wavu. Mumi waliowapita wenzao watengwe.

4. Lisheni kila siku kwa saa ile ile. Mumi mwenye njaa hana undugu.

Pesa za vifaranga ni jasho la kikundi. Tusimlishe mumi jasho letu.